Swali la Kumi na Nne

Karani, vuta hicho kigoda, kile kisichoyumba,
na sauti ishushe: mama ndio kwanza ameshikwa na usingizi.
Nyumba za hapa Barani ni udongo, neno halina pa kugonga.
Jina umeshaandika, Jumwa Kalama Nyiro.
Umesema unahesabu watu wanaolipwa kutunza wazee.
Haya, hesabu.

Swali la kumi na nne: kazi.
Kwenye kadi ya getini, kule Casuarina, mimi ni mpishi.
Sijakaanga hata yai tangu mzee Ottavio avunjike nyonga bafuni.
Namwosha. Namgeuza. Nampaka poda penye mikunjo,
namsagia vidonge ndani ya ndizi maana maji humpalia.
Meno yake nayalaza kwenye glasi, asubuhi nayaamsha.
Akiniita Fiorella naitika. Huyo ni dada yake, amekufa zamani,
na kuitika hakumo kwenye mshahara.
Hiyo kazi haina neno humo? Sogeza chini.
Chini tena.
"Mtumishi wa nyumbani, mengineyo."
Basi bonyeza mengineyo. Miaka yangu sita imo humo.

Anayelipa ni binti yake, yuko kwao.
Hutuma kwa simu tarehe tano, au tisa,
au akisahau namkumbusha
kwa picha ya baba yake aliyenyolewa ndevu.
Mkataba? Ndiyo hiyo picha.

Saa ngapi kwa wiki.
Swali zuri, ila limeusahau usiku.
Nikishuka kwenye boda hapo nje naanza upya:
mwili mwingine, mikunjo ileile,
poda ileile. Kofia moja ya kopo la mzee
inatosha wiki. Hilo usiliandike.

Kwa mama silipwi. Unasema hapo ni sifuri?
Weka sifuri, lakini ichore kubwa
mama aenee ndani, na godoro lake.

Mchana nikiwa kule yupo Kache, mtoto wa marehemu kaka.
Nampa mia mbili kwa siku, na chai.
Aa, umeinua kichwa. Analipwa!
Kumbe mimi ni mwajiri, na sijawahi kuota kitambi.
Kache naye ana mtoto, humwacha kwa jirani,
kwa hamsini na kipande cha sabuni.
Uzi ni huo mmoja, karani:
ukiushika kule penye bwawa la kuogelea
unaibukia hapa penye ndoo.
Wewe mkasi wako unakata wapi?

Usinune. Najua nawe unalipwa kwa kaya.
Utaipeleka namba Nairobi, waione ndogo,
waseme huku pwani wazee hutunzwa kwa upendo.
Upendo nimeuona. Una maumivu ya kiuno.
Hulala umekaa.

Ngoja. Ameamka.
Huo si mlio wa njaa, huo ni wa kugeuzwa,
na Kache yuko bombani, foleni imefika barabarani.
Weka hicho kishikwambi juu ya gunia. Nawa.
Mkono mmoja begani, mmoja nyongani,
usivute ngozi, ngozi yao ni karatasi ya sigara.
Mzee Ottavio huhesabu kwa Kitaliano, mama kwa Kigiriama,
wote wawili huinuka kwenye tatu.
Nyamaza, anaanza mwenyewe:

mwenga,

mbiri,

hahu.

Mto huo, katikati ya magoti. Hapo.
Amekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mjibu,
jina lolote, atalipenda.

Sasa rudi kwenye swali lako.
Dakika hizi mbili serikali ilikuwa inakulipa,
na mzee umemgeuza.
Jiandike.
Nusu sitaki. Andika mmoja.